Saa ya Ubongo Inapopotoka: Melatonini, Deliriamu na Dimensia katika Uzee

Utangulizi

Chukulia mfano wa mzee wa miaka 78 ambaye Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake, akasalimiana na watu kwa majina yao na kurejea nyumbani bila tatizo. Jumatano usiku wa manane anaamka, anavaa viatu, anafungua mlango na kutaka kwenda kuwatafuta ng'ombe waliouzwa miaka ishirini iliyopita. Siku inayofuata anasinzia kutwa nzima huku uji ukipoa mbele yake. Jamaa wanaulizana kulikoni, na jibu linalotolewa upesi ni moja: ni uzee. Majirani wana jibu jingine, nalo hutolewa kwa kunong'ona: amerogwa, au vibaya zaidi, yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Majibu hayo yote yamekosea. Yamkini mzee huyu ana nimonia, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, na ugonjwa huo umeuvuruga ubongo wake kwa ghafla. Hali hii huitwa deliriamu, nayo ni dharura ya kimatibabu. Hali hiyo ni tofauti na dimensia, ambayo huudhoofisha ubongo polepole kwa miaka mingi. Hata hivyo, hali hizi mbili zina jambo moja la pamoja: zote huvuruga mpangilio wa kulala na kukesha, na katika zote mbili jina la homoni moja, melatonini, hutajwa mara kwa mara kama suluhisho.

Makala haya yanaeleza jinsi mpangilio huo unavyofanya kazi, unavyoharibika, na kile ambacho melatonini inaweza au haiwezi kukifanya. Hoja inayoyaongoza ni kwamba usiku uliovurugika ni dalili inayopaswa kusomwa kabla ya kunyamazishwa kwa kidonge, na kwamba usomaji huo huanzia katika lugha.

Saa iliyomo ubongoni

Mnamo mwaka wa 1729, mwanasayansi Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa jamii ya kifauwongo mahali penye giza. Ingetarajiwa kuwa majani yake, ambayo hufunguka mchana na kujikunja usiku, yangekoma kufanya hivyo. Hayakukoma. Yaliendelea kufunguka na kujikunja kana kwamba yalijua wakati bila kuliona jua. Huo ulikuwa mwanzo wa kutambua kwamba viumbe hubeba saa ndani yao.

Kwa binadamu, saa kuu ni kishada kidogo cha seli za neva zipatazo 20,000 kilichomo katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Mnamo 1972 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa kishada hicho hupoteza mpangilio wake: hulala na kuamka kwa vipande vipande, usiku na mchana bila tofauti. Baadaye chembeuzi zinazoiendesha saa hiyo zilichunguzwa kwa undani katika inzi wa matunda, kazi iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2017.

Saa hii si sahihi kabisa. Ikiachwa peke yake, mzunguko wake kwa watu wengi huzidi saa 24 kwa dakika kadhaa. Kwa hivyo sharti irekebishwe kila siku, na kinachoirekebisha hasa ni mwangaza. Ndani ya jicho mna seli maalumu ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu bali kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Seli hizo huathiriwa zaidi na mwangaza wa rangi ya buluu, ambao umejaa katika anga ya mchana. Ukali wa mwangaza hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Nje, wakati wa mchana, mwangaza hupita laksi 10,000 kwa urahisi, ilhali ndani ya chumba cha kawaida huwa ni laksi mia chache tu. Mtu anayeshinda ndani siku nzima, hata kama anaona vizuri kila kitu, kwa saa ya ubongo wake yuko katika jioni isiyokwisha.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Hesabu ya saa za Kiswahili hufuata jua: saa moja ya asubuhi huja baada ya macheo, na saa moja ya usiku huja baada ya machweo. Ni hesabu iliyozaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Ubongo nao huanza hesabu yake kwa nuru ya asubuhi.

Melatonini: mjumbe wa giza

Melatonini iligunduliwa mwaka wa 1958 na Aaron Lerner, daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Lerner hakuwa akitafuta dawa ya usingizi. Alikuwa akichunguza kitu kilichoaminika kuifanya ngozi ya wanyama kama vile chura iwe nyeupe, na alikipata katika tezi ndogo za pinea zilizotolewa katika bongo za ng'ombe. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya weusi. Ni sadfa inayofaa, kwa kuwa homoni hii hutolewa gizani.

Jua linapotua na mwangaza kufifia, saa ya ubongo hupeleka ishara kwa njia ndefu: hushuka kupitia uti wa mgongo, huingia katika neva za shingo, kisha hupanda tena hadi kwenye tezi ya pinea. Tezi hiyo huanza kutoa melatonini takriban saa mbili kabla ya mtu kulala. Kiwango hupanda na kufikia kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati uleule ambao Kiswahili huuita usiku wa manane, kisha hushuka kuelekea alfajiri. Mwangaza mkali ukiwashwa usiku, utoaji huo hukatizwa. Jambo hili lilithibitishwa kwa binadamu mnamo 1980.

Ni muhimu kutofautisha ishara na usingizi wenyewe. Panya ni mnyama anayehangaika usiku na kulala mchana, lakini melatonini yake pia hupanda usiku. Hii ina maana kwamba homoni hii haimlazimishi kiumbe kulala. Kazi yake ni kuupasha mwili habari kwamba giza limeingia. Kila mwili huifasiri habari hiyo kwa namna yake. Melatonini, basi, ni mjumbe. Mjumbe akifika katika nyumba isiyo na mtu wa kumpokea, ujumbe wake haufai kitu.

Kadiri mtu anavyozeeka, ndivyo mfumo huu unavyodhoofika. Kilele cha melatonini cha usiku hupungua kwa wazee wengi. Lenzi ya jicho hugeuka rangi na kuwa ya manjano, na mtoto wa jicho huzuia mwangaza zaidi, hususan ule wa buluu unaohitajika na saa. Isitoshe, mzee asiyeweza kutembea vizuri hutoka nje mara chache.

Deliriamu na dimensia: mambo mawili, si moja

Dimensia si ugonjwa mmoja bali ni jina la jumla la hali zinazosababishwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo, ugonjwa wa Alzheimer ukiwa ndio unaoongoza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimensia ulimwenguni, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huanza kwa siri. Mtu husahau mazungumzo ya jana, hupotea katika njia aliyoizoea, hushindwa kuhesabu fedha. Mabadiliko haya hupimwa kwa miezi na miaka.

Deliriamu hupimwa kwa saa na siku. Huja ghafla, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na huharibu kwanza uwezo wa kumakinika. Mgonjwa hawezi kufuata mazungumzo. Anaanza sentensi na kuipotezea njiani. Huenda akaona wadudu ukutani au akasikia sauti za watu wasiokuwapo. Visababishi vyake ni vingi: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, upasuaji, kufunga kwa mkojo au choo, maumivu yasiyotibiwa, kuacha pombe kwa ghafla, na dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio ambazo hununuliwa kwa urahisi madukani.

Deliriamu ina sura mbili kuu. Katika ya kwanza, mgonjwa huhangaika, hupiga kelele na kung'oa mirija ya dawa. Katika ya pili, hunyamaza, husinzia na kukataa chakula. Sura hii ya pili ndiyo hatari zaidi kwa sababu haimsumbui mtu yeyote. Wauguzi na jamaa humwona mgonjwa kuwa mtulivu, kumbe anazama.

Hali hizi mbili huweza kukutana. Mtu mwenye dimensia yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata deliriamu, na aliyepatwa na deliriamu huwa katika hatari zaidi ya kudhoofika akili baadaye. Kwa hivyo kanuni ya msingi ni hii: mabadiliko ya ghafla kwa mzee, hata yule aliyejulikana kuwa na dimensia, yachukuliwe kuwa deliriamu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Usiku unapogeuka mchana

Katika ugonjwa wa Alzheimer, saa yenyewe huharibika. Mnamo 1985 Dick Swaab na wenzake mjini Amsterdam walichunguza bongo za watu waliokufa na kuonyesha kwamba kishada cha saa hupungua seli uzeeni, na hupungua zaidi kwa wenye Alzheimer. Kiwango cha melatonini katika maji ya ubongo na uti wa mgongo pia hushuka. Matokeo yake ni usingizi uliokatikakatika: lepe la dakika chache asubuhi, jingine adhuhuri, na mikesha mirefu usiku. Wagonjwa wengi huchachawa jua linapotua. Hudai kuwa wanataka kwenda nyumbani ilhali wako nyumbani, hushuku waliomo chumbani na hutembea huku na huko. Wakati wa magharibi, vivuli hurefuka, macho dhaifu hupotoshwa, na uchovu wa siku huwa umefika kilele.

Katika deliriamu, saa huenda ikawa nzima lakini imevurugwa. Uvimbe unaotokana na maambukizi, dawa, maumivu na taa za wodi zisizozimwa hufanya ishara za mchana na usiku zichanganyike. Vipimo kwa wagonjwa hao vimeonyesha kuwa utoaji wa melatonini hupoteza mpangilio wake wa kawaida. Ndiyo maana mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Tofauti na dimensia, vurugu hizi huweza kuondoka kisababishi kikitibiwa.

Anayeteseka si mgonjwa peke yake. Mwanafamilia anayeamshwa mara tano kila usiku, kisha akatarajiwa kwenda kazini alfajiri, huchoka kiasi cha kukata tamaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jamaa wanaokuja kutazama mchana, mgonjwa akiwa ametulia, aghalabu hawaamini masimulizi ya usiku.

Je, kidonge kinatosha?

Kwa kuwa melatonini hupungua, ilionekana dhahiri kwamba kuiongeza kungeponya. Tafiti zimeonyesha kuwa mambo si rahisi hivyo.

Kuhusu deliriamu, utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka wa 2011 uliwapa wazee 145 waliolazwa ama nusu miligramu ya melatonini kila usiku au kidonge kisicho na dawa. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 12 katika kundi la melatonini na asilimia 31 katika kundi jingine. Matumaini yalipanda. Lakini mwaka wa 2014 utafiti mkubwa zaidi wa Uholanzi, kwa wazee waliovunjika nyonga na kupewa miligramu 3, haukuona manufaa: asilimia 29.6 dhidi ya 25.5. Mwaka wa 2022, utafiti wa Australia kwa wagonjwa zaidi ya 800 wa vyumba vya wagonjwa mahututi haukuona tofauti yoyote.

Kuhusu dimensia, utafiti wa Marekani wa 2003 kwa watu 157 wenye Alzheimer ulijaribu miligramu 2.5 na miligramu 10, na hapakuwa na nafuu ya kutegemewa katika usingizi. Tathmini ya pamoja ya tafiti iliyochapishwa mwaka wa 2020 ilifikia uamuzi uo huo. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa 2018 uliwashauri madaktari wasitoe melatonini kutibu ukosefu wa usingizi kwa wenye Alzheimer.

Utafiti wenye funzo kubwa zaidi ulifanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2008. Wakazi 189 wa nyumba 12 za kutunzia wazee, wengi wao wakiwa na dimensia, walifuatiliwa kwa muda mrefu. Katika baadhi ya nyumba, taa za sebuleni ziliongezwa hadi takriban laksi 1,000 kutwa nzima. Mwangaza huo ulipunguza kidogo kasi ya kudhoofika kwa akili na ukapunguza huzuni. Melatonini iliongeza usingizi kwa wastani wa dakika 27, lakini ilipotolewa bila mwangaza, iliwafanya wazee wajitenge na kuwa wenye simanzi zaidi. Ilipoambatana na mwangaza, athari hiyo ilitoweka. Kwa maneno mengine, mjumbe wa giza hana maana pasipo na mchana wa kutofautisha na usiku.

Pana tahadhari nyingine. Katika nchi ambako melatonini huuzwa kama kirutubishi, kipimo kilichoandikwa kwenye chupa si cha kuaminika. Uchunguzi wa bidhaa 31 nchini Kanada mwaka wa 2017 uligundua kuwa nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83, na nyingine zilizidi kwa asilimia 478.

Yanayosaidia

Mnamo 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Yale walichapisha matokeo ya mpango uliohusisha wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Badala ya dawa za usingizi, wagonjwa walipewa kinywaji cha moto, muziki mtulivu na kukandwa mgongo wakati wa kulala, na kelele za wodi zikapunguzwa. Mchana walisaidiwa kutembea, kunywa maji, kuvaa miwani yao na kutumia vifaa vya kusikilizia, na walikumbushwa mahali walipo na siku ya juma. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 9.9, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopata huduma za kawaida.

Mambo haya hayahitaji mitambo. Mzee huweza kuketi nje asubuhi na kutembezwa kabla ya adhuhuri. Usingizi wa mchana ufupishwe, chai na kahawa zisinywewe jioni, na taa ziwashwe kabla ya magharibi ili vivuli visimtishe. Usiku kuwe na giza na utulivu, pamoja na taa hafifu ya kumwongoza msalani asije akaanguka. Hospitalini, sura na sauti ya jamaa anayemfahamu hufanya kazi ambayo muuguzi mgeni hawezi kuifanya.

Lugha katika uchunguzi

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Lugha ina msamiati wa hali hizi: kuweweseka, kupayapaya, kuchanganyikiwa, usahaulifu, wazimu, kupagawa. Maneno haya hayako sawa. Kuweweseka na kupayapaya huhusishwa na homa na maneno ya ovyo, hivyo yanakaribia deliriamu. Usahaulifu unakaribia dimensia, ingawa hautoshi. Kuchanganyikiwa hubeba zote mbili, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa halisemi kama jambo limeanza jana au mwaka jana. Wazimu, lenye mzizi mmoja na mzimu, pamoja na kupagawa, hutaja kisababishi kabla ya uchunguzi kufanywa.

Vipimo vyenyewe hutegemea lugha. Kipimo kimoja cha umakinifu humtaka mgonjwa ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Wazee wengi nchini Kenya husema mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja. Kwao swali hilo hugeuka kuwa kuhesabu namba kurudi nyuma, jambo ambalo si sawa na kukumbuka majina. Vivyo hivyo, mzee anayeulizwa wakati na kujibu "saa mbili" asubuhi amejibu sahihi. Mchunguzi anayefikiri kwa hesabu ya Kizungu na kuandika mbili anaweza kumhukumu kuwa amepotewa na wakati. Tafsiri mbaya ya swali moja huzaa ugonjwa usiokuwapo.

Fauka ya hayo, jina huweza kuua. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wanaotuhumiwa hivyo wamelazimika kutafuta hifadhi, baadhi yao katika kituo cha Kaya Godoma huko Ganze. Si kila anayetuhumiwa ana dimensia, na zipo sababu nyingine, migogoro ya ardhi ikiwemo. Hata hivyo, mzee anayetembea usiku asijue aendako, anayesema peke yake na kushindwa kujieleza, ni mwepesi wa kushukiwa pale ambapo jamii haina neno jingine la kumwitia.

Hitimisho

Melatonini ni sehemu ndogo ya mfumo mpana unaofungamanisha jua, jicho, ubongo na usingizi. Katika dimensia, mfumo huo huchakaa. Katika deliriamu, huvurugwa na maradhi yanayoweza kutibika. Kidonge hakiwezi kuchukua nafasi ya nuru ya asubuhi, wala ya uchunguzi wa daktari.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mzee wa Jumapili aliyebadilika Jumatano anahitaji mtu wa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: hali hii ilianza lini? Jibu likiwa ni siku chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawatamtibu, lakini wanaweza kuhakikisha kwamba swali hilo lina maneno ya kuulizwa, na kwamba jibu lake linaeleweka.